Kabla ya Ala, Mwalimu

Ukimtajia msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi muziki wa Kinshasa, mawazo yake yatakwenda moja kwa moja kwa Franco na TP OK Jazz, kwa Tabu Ley, kwa magitaa yaliyotuchezesha tangu enzi za babu zetu. Ni haki yake, kwa sababu rumba ile imelea nusu ya muziki wetu wa dansi. Lakini katika jiji hilo hilo, tangu mwaka 1994, ipo pia okestra ya simfonia iliyoundwa na wakazi wa kawaida: mafundi umeme, wachuuzi, walimu, wanafunzi, akina mama wanaolea watoto peke yao. Jina lake ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Imeandikwa na kupigwa picha mara nyingi, na karibu kila mara habari yake huelezwa kama muujiza wa watu maskini waliopiga Beethoven. Nadhani masimulizi hayo yanatunyima somo lenyewe. Okestra ya Kinshasa ilikua kwa sababu inayoeleweka na inayoweza kuigwa: ilikuwa shule kabla ya kuwa okestra. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa, siku baada ya siku, kwa miaka mingi, kabla ulimwengu haujasikia habari zake. Miji yetu ikitaka kuwa na okestra za wananchi, na nitaeleza kwa nini inafaa izitake, haina budi kuanzia hapo, kwa mwalimu. Ala na jukwaa vitafuata.

Mwaka huo wa 1994 mtu mwenye hesabu zake asingechagua Kinshasa kwa kuanzishia kitu cha aina hii. Nchi ilikuwa bado ikiitwa Zaire, na Mobutu yuko madarakani. Askari wasiolipwa mishahara walikuwa wamelipora jiji mara mbili, Septemba 1991 na Januari 1993. Mfumuko wa bei wa mwaka 1994 ulipita asilimia 9,000, maana yake mshahara wa mwezi uliweza kuyeyuka kabla mwezi haujaisha. Armand Diangienda, mtu aliyeianzisha okestra hiyo, alikuwa rubani aliyekuwa amepoteza kazi yake. Hakuwa amesomea muziki chuoni. Alijifundisha mwenyewe kinanda, selo, tromboni na gitaa, na alipowaita watu waje wajifunze, wengi wao walikuwa hawajawahi kushika fidla. Ala zenyewe zilikuwa chache kuliko watu. Fidla moja ilipita mikononi mwa kadhaa katika mazoezi ya jioni moja: huyu anapiga kwa dakika chache, anampa mwenzake, anakaa kumtazama vidole mpaka zamu yake irudi. Waya ukikatika na duka la waya halipo, waya wa breki ya baiskeli uliwekwa mahali pake. Karatasi za nota zilinakiliwa kwa mkono. Mmoja wa wanachama alijifunza kuunda dabalbesi mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuipata.

Mambo hayo ya waya wa breki hupendwa sana na waandishi wa habari, nami nimeyataja kwa sababu ni ya kweli. Ila tuyatazame vizuri. Fidla haina alama shingoni za kuonyesha kidole kikae wapi kama ilivyo kwa gitaa. Kidole kikisogea kwa upana wa punje ya mchele, sauti inatoka nje ya mstari, na anayeanza hawezi kulisikia kosa lake mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kumwambia. Kwa hiyo yule anayesubiri zamu yake, akimtazama mwenzake na kumsikiliza, alikuwa anafanya kazi ambayo katika nchi zenye uwezo hufanywa na mwalimu wa kulipwa. Kila mwanachama alilazimika kuwa sikio la mwingine. Na kunakili nota kwa mkono, kazi inayochosha macho, kulimfundisha mnakili kusoma. Mtu aliyeandika kurasa za sehemu ya fiola kwa kalamu yake hawezi kuzikuta ngeni siku ya kuzipiga. Uhaba huo uliwaumiza, na wala siusifu. Ninachosema ni kwamba jibu walilolipata kwa uhaba huo, yaani kufundishana, ndilo lililowakuza, na jibu hilo lingewakuza hata kama kila mmoja angekuwa na fidla yake.

Walikuwa na msingi mmoja ambao hatuna budi kuutaja. Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri aliyeanza huduma yake Nkamba, katika Kongo ya Chini, Aprili 1921. Wabelgiji walimkamata mwaka huo huo, wakamhukumu kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa miaka thelathini katika mji ambao leo wasomaji wetu wa Katanga wanauita Lubumbashi, na akafia huko Oktoba 1951. Kanisa lililozaliwa na huduma yake lilipata kutambuliwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa mwaka 1959 tu, miezi michache kabla ya uhuru. Katika kanisa hilo muziki una nafasi kubwa. Nyimbo zake huaminiwa kuwa zimepokelewa kwa njia ya roho, na waumini wana kwaya, bendi za matarumbeta na vikundi vya filimbi. Kwa hiyo Diangienda alipoanza, aliwakuta watu waliozoea kuitika mwito wa mazoezi, kusimama kwa mistari na kuimba kwa sauti nne. Baba yake, Joseph Diangienda, aliyeliongoza kanisa hilo hadi kifo chake mwaka 1992, ndiye aliyetamani okestra iwepo. Mwana alitimiza wasia.

Kutoka hapo ukuaji ulikwenda polepole, na upolepole huo ndio ninaotaka msomaji auone. Kulikuwa na vita vya mwaka 1996 na 1997 vilivyomwondoa Mobutu, kisha vita vikubwa zaidi kuanzia 1998. Watu waliondoka na wengine wakaingia. Waliobaki waliendelea kukutana jioni baada ya kazi, na kila kundi jipya lilikuta kundi lililotangulia likiwa tayari kulifundisha. Mwaka 2010 watengenezaji filamu wawili wa Ujerumani, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu yao iitwayo Kinshasa Symphony. Wakati huo okestra na kwaya yake walikuwa kama watu mia mbili, wakijiandaa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven mbele ya umma, nje, chini ya anga la jiji. Katika filamu hiyo umeme unakatika katikati ya mazoezi, na mpiga fiola mmoja, ambaye ni fundi umeme, anaweka ala yake chini na kwenda kuurudisha. Baada ya filamu ikaja televisheni ya Marekani mwaka 2012. Mwaka 2013 Diangienda akafanywa mwanachama wa heshima wa Royal Philharmonic Society ya London, heshima waliyopata kabla yake baadhi ya watunzi wakubwa wa Ulaya. Mwaka 2014 okestra yenyewe ilikwenda Uingereza na kupiga katika ukumbi wa Royal Festival Hall. Misaada ikaja, walimu wageni wakaja. Hesabu miaka: kutoka 1994 hadi 2010 ni kumi na sita. Miaka kumi na sita ya kufundishana ilitangulia kamera, na tunaofikiri kwamba mfadhili ndiye mwanzo wa mambo tunaisoma habari hii kutoka mkiani.

Wapo watakaosema, kwa haki kabisa, kwamba sifa hizo za nje ni za huruma. Watauliza: hivi okestra hiyo inapiga vizuri kweli, au inasifiwa kwa kuwa ni ya Kinshasa? Simfonia ya Tisa huchukua zaidi ya saa moja, inataka waimbaji pekee wanne na kwaya nzima, na kipande chake cha mwisho huwatoa jasho hata wanaolipwa mishahara mwaka mzima. Ndiyo, katika filamu ile zinasikika fidla zisizokubaliana na pembe zinazokwaruza. Lakini tukumbuke simfonia hiyo ilizaliwaje. Ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 7 Mei 1824, okestra ya jumba la tamthilia iliongezewa watu wa ridhaa kutoka chama cha wapenzi wa muziki cha jiji hilo, na mazoezi ya pamoja yalikuwa machache mno kwa kazi ngumu kiasi kile. Miaka themanini na mmoja kabla yake, mwaka 1743, wafanyabiashara wa Leipzig walichangishana fedha wakaanzisha maonyesho kwa wanamuziki kumi na sita tu. Kundi hilo ndilo lililokuja kuwa okestra ya Gewandhaus, mojawapo ya okestra zenye sifa kubwa duniani leo. Kwa maneno mengine, okestra za Ulaya hazikushuka kutoka mbinguni zikiwa kamili. Zilianzia kwa watu wa mji waliotaka kupiga na kusikia, na ubora ulikuja kadiri mji ulivyowafundisha vijana wake. Kuipima okestra ya miaka kumi na sita kwa mizani ya ile iliyokwisha kuvuka karne mbili ni kuionea. Swali la haki ni hili: je, mwaka huu inapiga vizuri kuliko mwaka jana, na anayeingia leo anamkuta mwalimu?

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa wengi wetu: huu ni muziki wa Wazungu, na nchi zilizotawaliwa hazina sababu ya kuhangaika nao wakati ngoma zao wenyewe zinakufa. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu nia yake ni njema. Ila historia ya pwani yetu hailiungi mkono. Fidla imekuwa ikipigwa Zanzibar kwa zaidi ya miaka mia moja, na hakuna anayeiita ya kigeni inapoitikia ganuni, udi na nai katika taarabu. Akhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Vyote viwili ni vyama vya watu wenye kazi nyingine mchana: makarani, mafundi, wafanyabiashara, waliokutana klabuni jioni wakafundishana muqadimu na mapigo ya nyimbo. Mtindo wa kikundi chao uliiga okestra za Misri, na Misri nayo ilikuwa imechukua fidla, selo na dabalbesi kutoka Ulaya na kuzifunza maqamu zake. Kila aliyepokea aliongeza cha kwake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa beni, ngoma iliyochukua mavazi na matarumbeta ya bendi za kijeshi pale pwani, ikaenea hadi bara kwa vikundi vya Marini na Arinoti wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndivyo ilivyo kwa kwaya zetu za makanisani, ambazo hakuna Mtanzania au Mkenya anayezihesabu leo kuwa mali ya mgeni.

Kwa hiyo hatuna haja ya kugombana kuhusu asili ya fidla. Lenye maana ni kama walioichukua wana uwezo wa kuisemesha lugha yao, na uwezo huo hauji bila kuijua ala kwa undani. Diangienda na wenzake wa Kinshasa hawakuishia kwa Beethoven: wametunga na kupanga kazi zao wenyewe kwa ajili ya okestra hiyo, zenye midundo na nyimbo za kwao. Mtunzi asiye na okestra jirani huandikia kabati. Akiwa nayo, hata kama ni ya watu wa ridhaa, anasikia Jumamosi kile alichokiandika Jumatatu, anajua wapi pembe zimeifunika filimbi, anarekebisha. Mtu anayelilia ngoma zetu zinazopotea ana sababu kubwa ya kutaka watu wanaoweza kuzisikiliza, kuziandika na kuwapa watu sitini wazipige pamoja.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua, na sitalificha. Mtu anaweza kusema: Kinshasa waliweza kwa sababu ya kanisa. Lilikuwapo jina la Kimbangu, ulikuwapo utii, ilikuwapo imani iliyomfanya mtu atembee kwa miguu kwenda mazoezini akiwa na njaa. Ondoa hayo, hubaki na kitu. Nakubali nusu ya hoja hii. Okestra ya watu wa ridhaa hufa kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni utoro. Mpiga obo asipokuja Jumanne, wenzake wanakosa sauti ya kulinganishia ala zao. Wapiga selo wawili wasipokuja, wa tatu hujikuta peke yake, naye wiki inayofuata haji. Kanisa liliwapa watu wa Kinshasa mahali pa kukutania, saa isiyobadilika, na jamii ambayo mtu angeona haya kuiangusha. Hayo matatu ni ya lazima. Nisichokubali ni kwamba kanisa pekee ndilo linaloweza kuyatoa. Akhwani Safaa imeyatoa kwa zaidi ya karne moja kwa njia ya klabu, yenye wanachama, viongozi na jengo. Korogocho, jijini Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge umefundisha watoto muziki wa okestra karibu na jalala la Dandora, ukianzia katika eneo la kanisa Katoliki lakini bila kuwa kazi ya dhehebu, na vijana waliotangulia wakawa ndio wanaowafundisha wadogo wao. Mbegu ile ile ya Kinshasa imeota katika udongo mwingine. Ilihitaji mahali, saa, na watu wanaotazamiana.

Msomaji aliyefuatilia mambo haya atanikumbusha Venezuela, ambako José Antonio Abreu alianza na vijana kumi na mmoja jijini Caracas mwaka 1975 na kuacha nyuma yake mtandao wa okestra uliopitiwa na vijana kwa malaki. Huko serikali ndiyo iliyolipa, serikali baada ya serikali, na bila fedha hizo isingewezekana kufika pale. Nauheshimu mfano huo, na pia nawasikiliza wakosoaji wake, hasa mtafiti Mwingereza Geoffrey Baker, ambaye mwaka 2014 alichapisha kitabu akilalamikia ukali wa mfumo huo, mamlaka yaliyojaa mkononi mwa wachache, na mazoezi yaliyomgeuza mtoto kuwa chombo cha kutukuza nchi. Uzito wa lawama hizo unabishaniwa. Kwangu zinaonyesha hatari iliyo dhahiri: okestra inayoishi kwa kupendeza wakubwa huanza kufanya kazi ya kupendeza wakubwa. Maonyesho ya sherehe za kitaifa huchukua nafasi ya masomo, na mtoto asiye na kipaji cha haraka husukumwa pembeni kwa sababu ataharibu onyesho. Serikali ilipe, ndiyo. Ilipie kazi ya kila wiki isiyoonekana, na fedha hizo zipitie kwa chama chenye wanachama wenye kura.

Hapo tunafika kwenye kauli ambayo kila diwani ataitoa, na ana haki ya kuitoa: zahanati haina dawa, ninyi mnazungumzia fidla. Ningemjibu kwanza kwamba hajaombwa fedha za zahanati. Halmashauri zetu zina kumbi zinazokaa tupu jioni, shule zina madarasa yanayofungwa saa kumi, na makanisa na misikiti vina viwanja na madrasa. Chumba chenye taa na viti hamsini, kikifunguliwa jioni tatu kwa wiki, ni gharama ya umeme na mlinzi. Mwalimu mmoja wa nyuzi na mmoja wa ala za kupuliza, wakilipwa kwa mwezi kama walimu wengine wanavyolipwa, ni kiasi ambacho mji mkubwa hukitumia kwa sherehe ya siku moja na mahema yake. Kisha ningemwambia kwamba watu wa Kinshasa walikuwa maskini kuliko mji wowote anaoufikiria, na hawakungoja dawa zijae ndipo waimbe. Binadamu hatengi maisha yake kwa mafungu, akamaliza njaa kwanza, kisha ugonjwa, halafu mwisho kabisa, ikibaki senti, akaruhusiwa uzuri. Diwani mwenyewe hachagui hivyo katika nyumba yake: mwanawe anaolewa kwa ngoma hata mwaka wa ukame.

Tena sisi, kama wao, hatuanzi patupu. Kwaya zetu, kuanzia Bukoba hadi Mombasa, zina maelfu ya watu wanaosoma muziki kwa herufi za do, re, mi, wanaojua kushika sauti yao ya tena au ya besi bila kuyumbishwa na jirani. Walutheri na Wamoravian wa Tanzania wana vikundi vya matarumbeta vyenye miaka mingi. Polisi na majeshi wana bendi zenye walimu na mafundi. Kenya ina tamasha la muziki la shule lililoanza mwaka 1927, ambalo kila mwaka huwakusanya vijana kwa wingi usio na mfano katika eneo letu, na Chuo cha Muziki cha Kenya, Nairobi, kipo tangu 1944. Tanzania ina chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo. Zanzibar ina Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambacho baadhi ya wahitimu wake leo ni walimu wa pwani nzima. Kinachokosekana ni daraja la kumtoa mwimba tena wa kwaya kwenye herufi zake mpaka kwenye mistari mitano ya nota, kumpa selo, na kumweka karibu na mtu aliyemtangulia miaka miwili. Kwa mtu anayeshika sauti yake vizuri ndani ya kwaya, safari hiyo haina kitendawili. Sikio lake limeshafundishwa. Kazi iliyobaki ni ya mikono na macho.

Badala ya daraja hilo tunachopewa, na tunachokipokea kwa makofi, ni masanduku. Ubalozi huu unakabidhi fidla, kampuni ile inakabidhi tarumbeta, picha zinapigwa, waziri anakata utepe. Kila anayejua ala anafahamu kinachofuata. Joto na unyevunyevu wa pwani hulegeza gundi, na tumbo la selo hufunguka pembeni. Vigingi vya kukazia waya hunywea wakati wa kiangazi na kuteleza, vinavimba masika na kukataa kuzunguka. Nywele za upinde huliwa na wadudu ndani ya sanduku lililofungwa. Vipedi vya klarineti hukauka, hewa inavuja, na mtoto anadhani yeye ndiye asiyejua kupuliza. Fundi mwenye gundi sahihi, vibano na uvumilivu huweza kuirudisha ala hiyo kazini kwa siku moja. Asipokuwapo fundi, msaada wa mamilioni huwa kuni zilizopakwa vanishi ndani ya miaka mitatu. Yule mtu wa Kinshasa aliyejifunza kuunda dabalbesi alikuwa na thamani kubwa kwa okestra yake kuliko kontena zima la ala mpya, kwa sababu aliyeweza kuiunda aliweza pia kuitengeneza na kumfundisha mwingine kuitengeneza. Tuna maseremala hodari wa kutosha, Zanzibar wapo wanaochonga milango na madau. Wachache kati yao wakifundishwa kazi ya fidla, pwani yote ingepumua.

Na mwalimu asibaki mtu wa kujitolea milele. Hapa ninaachana na wanaoutukuza mfano wa Kinshasa kupita kiasi. Kujitolea kulianzisha kazi ile, lakini mzigo wa kujitolea humwelemea zaidi asiye na akiba. Mama anayeuza sokoni tangu alfajiri akija mazoezini saa kumi na mbili jioni anatoa sadaka kubwa kuliko mwenye mshahara, na akiugua mtoto ni yeye anayetoweka kwanza, pamoja na yote aliyojifunza na wote ambao angewafundisha. Chuo cha Zanzibar nilichokitaja, chenye jina kubwa na wanafunzi wazuri, kimewahi kutangaza hadharani kwamba huenda kikafunga milango kwa kukosa fedha, ilhali tamasha la siku chache hupata wadhamini wenye mabango makubwa. Mdhamini hupenda usiku wa onyesho kwa kuwa jina lake linaonekana. Hakuna anayeweka bango juu ya mlango wa darasa la Jumatano.

Ndipo ninapozitaka wizara za utamaduni, halmashauri na hizo kampuni zenye mabango zibadilishe masharti ya fedha zao. Kila ala inayotolewa itolewe pamoja na malipo ya mwalimu kwa miaka mitatu na fungu la fundi. Kila chama kinachopewa chumba kionyeshe orodha ya waliofundisha mwaka huo ambao mwaka uliotangulia walikuwa wanafundishwa. Orodha hiyo ikirefuka, okestra ipo, hata kama bado inapiga vipande vyepesi na hata kama hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuisikia. Ikiwa ina majina yale yale mawili kila mwaka, fedha zisimamishwe mpaka wengine wafundishwe kufundisha. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa Tanzania tayari unatoa mikopo kwa wasanii. Mwalimu wa okestra ya mtaa hawezi kukopa, kwa kuwa hauzi chochote. Yeye anahitaji ajira, na nafasi ya kwanza ya aina hiyo inaweza kutangazwa katika bajeti ijayo na mji wowote wenye ukumbi mmoja na kwaya tatu.